Trekta Halizunguki: Tafuta Ugonjwa Kwanza, Ndipo Ununue Dawa

Somo la umeme wa trekta na motakaa kwa wakulima wa skimu, Kisegi na jirani zake, na kwa vijana wanaojifunza ufundi



Mvua kubwa huanza kushuka mwezi wa Machi. Ardhi ikilainika, kila mtu wa Kisegi ataka shamba lake lilimwe juma hilo hilo, maana mahindi na mtama havimngojei mtu. Katika pande hizi za Gwassi na Bonde la Lambwe mbung'o amewasumbua ng'ombe wa kulimia tangu zamani kwa ugonjwa wa nagana, na kwa hiyo trekta si pambo la mtu tajiri. Trekta moja lina mashamba mengi yanayolingojea, tangu mlimani hata karibu na ziwa.

Sasa, asubuhi ya siku ya kulima, dereva anageuza ufunguo. Anasikia "tak", kisha kimya. Watu wanakusanyika. Mmoja asema betri imekufa. Wa pili asema stata imeungua. Wa tatu, ambaye hakuulizwa, asema waya zote zibadilishwe. Mwenye trekta anapanda gari kwenda Homa Bay au Migori, anarudi na betri mpya iliyomgharimu maelfu ya shilingi, anaifunga, anageuza ufunguo, na trekta lasema "tak" kama jana.

Je, kosa ni la nani? Si la betri, wala si la muuza duka. Kosa ni kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mganga wa hospitali hupima damu kwanza ndipo aandike dawa. Fundi wa umeme naye ana vipimo vyake, na vipimo hivyo havina uchawi wowote. Kijana aliyesoma hesabu za shule ya msingi aweza kujifunza, ikiwa atafundishwa kwa mikono yake mwenyewe, naye mwenye trekta aweza kuvielewa hata asidanganywe. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

VYOMBO VINAVYOHITAJIWA

Havihitajiwi vyombo vingi. Fundi anayeanza yampasa kuwa na hivi:

1. Mita ya umeme inayosoma volti, ampi na omu. Mita ndogo ya bei nafuu yatosha kwa kazi ya kwanza.

2. Taa ya kujaribia. Ni taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili, moja ina kibanio na nyingine ina ncha kali. Fundi aweza kuitengeneza mwenyewe kwa taa ya breki ya zamani.

3. Haidromita, yaani kipimo cha asidi ya betri, kwa betri zenye vifuniko vinavyofunguka.

4. Spana za kadiri yake, bisibisi, koleo, brashi ya waya na karatasi ya msasa.

5. Daftari na kalamu. Wengi hucheka wakisikia hivi, lakini fundi asiyeandika alichopima atapima tena kesho, na kesho kutwa atakuwa anabahatisha.

JIHADHARI NA MAMBO HAYA

Kabla ya kugusa waya mmoja, yajue mambo matano yanayoumiza na kuua watu.

(a) Usiwashe trekta kwa kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Desturi hii imeenea, na ni mbaya sana. Umeme ukipitishwa hivyo unaikwepa swichi ya usalama inayozuia trekta kuwaka likiwa katika gia. Likiwa katika gia litaruka mbele mara moja, na aliyeshika bisibisi amesimama mbele ya gurudumu kubwa la nyuma. Hana nafasi ya kukimbia. Ikiwa trekta haliwaki kwa ufunguo, kuna ugonjwa, nao utafutwe.

(b) Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Usivute sigara, usiwashe kiberiti kutazama maji ya betri usiku, wala usigonge vichwa vyake kwa spana ili kuona cheche.

(c) Maji yaliyomo ni asidi ya salfa. Yakikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi muda wa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali bila kukawia. Betri ikipungua maji, ongeza maji safi ya betri tu. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima au ya ziwa, kwa sababu yana chumvi zinazoharibu bamba za risasi.

(d) Vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja huwa nyekundu kama kaa la moto kidoleni.

(e) Ukifungua betri, toa waya wa bodi kwanza. Ukifunga, urudishe mwisho. Katika magari ya leo waya wa bodi ni hasi. Lakini tazama kwanza, kwa maana matrekta mengine ya zamani ya Uingereza, kama Ferguson TE20 lililotengenezwa kati ya mwaka 1946 na 1956, yalifungwa chanya kwenye bodi. Fundi anayebahatisha hapo ataunguza vitu.

UMEME NI KAMA MAJI KATIKA MFEREJI

Mkulima anayenyweshea bustani anajua mambo matatu. Kuna nguvu inayoyasukuma maji, kuna wingi wa maji yanayopita, na kuna ugumu wa njia, kwa mfano takataka zilizoziba bomba. Umeme ni vivyo hivyo. Msukumo hupimwa kwa volti, wingi hupimwa kwa ampi, na ugumu wa njia hupimwa kwa omu. Omu ni jina la mwalimu wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, aliyeandika kanuni hii mwaka 1827: volti ni sawa na ampi mara omu.

Tena, umeme huzunguka. Hutoka katika betri kwa waya wa chanya, hufanya kazi katika taa au stata, kisha lazima urudi katika betri kwa njia ya bodi na waya wa hasi. Njia ya kurudi ikiziba, kazi husimama, hata kama njia ya kwenda ni safi kabisa. Mafundi wengi huitazama njia ya kwenda, na kuisahau ya kurudi.

Sasa tufanye hesabu moja ndogo, kwa maana ndani yake mna siri ya somo lote. Taa kubwa ya wati 60 katika gari la volti 12 hutumia ampi 5, maana 60 ukigawanya kwa 12 ni 5. Stata ya trekta la diseli hutumia ampi 200 au zaidi. Tuseme kiungo kimoja kimeshika kutu, na ugumu wake ni sehemu moja tu katika mia ya omu, yaani 0.01.

Taa: ampi 5 mara 0.01 ni volti 0.05. Hasara hiyo haionekani, na taa inang'aa vizuri.

Stata: ampi 200 mara 0.01 ni volti 2. Hasara hiyo ni kubwa, na stata inajikokota.

Umeona? Kiungo ni kile kile na kutu ni ile ile. Taa yapita, stata yakwama. Ndiyo maana mtu akikuambia, "Waya ni nzima, kwa sababu taa zawaka," bado hajakuambia kitu. Kijito chapita mahali ambapo mto hauwezi kupita.

JARIBIO LA KWANZA: BETRI

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kina volti 2 na kidogo. Iache ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa. Ikiwa gari lilikuwa likitembea sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili, uzime, ungoje kidogo, ndipo upime. Weka mita kwenye volti za betri, waya nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Soma hivi:

Volti 12.6 au zaidi: betri imejaa.
Volti 12.4: imebaki kama robo tatu.
Volti 12.2: imebaki nusu.
Volti 12.0: imebaki robo tu.

Betri yenye nusu au robo usiihukumu bado. Ichaji kwanza. Mtu mwenye njaa huwezi kumwita mgonjwa kabla hajala.

Ikiwa vifuniko vyafunguka, pima kila chumba kwa haidromita. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265 hata 1.280. Ikiwa vyumba vitano vinasoma 1.260 na kimoja kinasoma 1.150, chumba hicho kimekufa, na betri hiyo haiponi.

Mwisho, mwambie mwenzako azungushe stata huku wewe unatazama mita. Betri nzima iliyojaa haishuki chini ya volti 9.6. Ikishuka chini ya hapo, ama betri imechoka, ama stata inakula umeme kupita kadiri yake.

JARIBIO LA PILI: NJIA YA STATA

Hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Hapimi betri peke yake, bali anapima hasara njiani. Waya mzito ulio mzima, ukipimwa kutoka mwisho mmoja hata mwingine wakati stata inazungushwa, husoma karibu na sifuri. Ukisoma volti nyingi, basi hapo katikati pamezibwa.

Njia ya kwenda: waya nyekundu ya mita kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri, nyeusi kwenye bolti nene ya stata. Zungusha. Isizidi volti 0.5.

Njia ya kurudi: waya nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma safi cha injini. Zungusha. Isizidi volti 0.2 au 0.3.

Angalia: gusa kichwa chenyewe cha betri, si kibanio kilichokizunguka, kwa sababu mara nyingi kutu iko kati ya kibanio na kichwa.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa skimu ana trekta la diseli. Amekwisha kutupa betri ya zamani na kununua mpya, na bado trekta halizunguki. Anamwita kijana aliyerudi kutoka chuo cha ufundi.

"Kijana, betri hii ni ya mwezi uliopita. Na hii nayo imekufa? Wananiambia ninunue stata."

"Mzee, usinunue kitu bado. Nipe dakika kumi niipime kwanza."

Kijana anahakikisha kwamba gia imetolewa na breki imefungwa, kisha anapima. Betri ikiwa imepumzika ni volti 12.6, imejaa. Dereva anageuza ufunguo, stata inajikokota kidogo na kunyamaza. Wakati huo betri inasoma 11.4. Njia ya kwenda yasoma 0.3. Njia ya kurudi yasoma 4.0.

"Tazama, Mzee. Betri inatoa 11.4. Toa 0.3 ya kwenda na 4.0 ya kurudi. Stata yenyewe imepata 7.1 tu. Stata haijaungua, ina njaa."

Waya wa bodi unafunguliwa. Chini ya bolti yake mna rangi ya buluu na kutu, kwa sababu trekta lilipopakwa rangi upya hakuna aliyekwangua mahali pa waya. Kijana anatoa rangi kwa msasa hata chuma king'ae, anakaza bolti, kisha anapaka grisi juu ili maji yasiingie. Wanapima tena. Njia ya kurudi yasoma 0.1, betri inashuka hata 10.8, na injini inawaka.

"Mbona betri imeshuka kuliko mwanzo?" auliza Mzee.

"Kwa sababu sasa stata inakula shibe yake, Mzee. Kwanza ilikuwa inalamba tu."

"Na ile betri niliyoitupa?"

"Labda ilikuwa nzima. Hatuwezi kuipima tena."

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa karatasi ya msasa. Betri mpya haikuwa na kosa lolote, na stata ambayo Mzee alikuwa karibu kuinunua isingesaidia. Lakini siku za kulima zilizopotea kwake na kwa jirani zake waliokuwa wakilingoja trekta hazirudi.

JARIBIO LA TATU: ALTANETA

Betri ni ghala, altaneta ni shamba. Ghala likitolewa kila siku bila kuingizwa kitu litakwisha.

Kwanza tazama mkanda wa feni. Ukilegea, altaneta huteleza na haifanyi kazi yake. Kisha fungulia ufunguo bila kuwasha injini: taa nyekundu ya chaji iwake. Isipowaka, tazama balbu yake kwanza, kwa sababu katika magari mengi umeme wa kuiamsha altaneta hupitia katika balbu hiyo ndogo. Balbu ya bei ndogo ikifa, altaneta nzima yaweza kulala, na watu wakaiuza kama chuma chakavu.

Sasa washa injini, ongeza mwendo kidogo, pima kwenye vichwa vya betri.

Volti 13.8 hata 14.5: chaji ni nzuri.
Chini ya 13: chaji haiji. Tazama mkanda, waya, fyuzi, kisha altaneta yenyewe.
Zaidi ya 15: rejeta imeharibika. Betri itachemka, maji yatakwisha na balbu zitaungua.

Tena twakataza kwa nguvu desturi moja. Mafundi wengine hufungua waya wa betri injini ikiwa inanguruma, ili waone kama altaneta inafanya kazi. Desturi hiyo ilitoka zamani za dainamo. Altaneta ina daiodi, na magari ya sasa yana vyombo vya elektroniki. Betri ikitolewa ghafula, volti hupanda kwa ghafula pia, na vyote hivyo vyaweza kuungua. Mita inakupa jibu lile lile bila kuvunja kitu. Vivyo hivyo, ukitaka kuchomelea kitu katika trekta kwa umeme, fungua betri na altaneta kwanza.

JARIBIO LA NNE: MWIZI WA USIKU

Gari laegeshwa jioni likiwa zima, na asubuhi betri ni tupu. Betri imepimwa ni nzima, na altaneta pia ni nzima. Basi kuna mwizi anayekunywa umeme usiku.

Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi wa betri. Chomeka waya nyekundu ya mita katika tundu la ampi 10, kisha weka mita kati ya kichwa cha hasi na waya uliofunguliwa, ili umeme wote upite ndani ya mita. Usizungushe stata mita ikiwa hapo, utaichoma. Gari la kisasa liache hata nusu saa, vyombo vyake vipate kulala.

Gari zima halizidi ampi 0.05 kwa kawaida. Tuseme umesoma 0.5. Betri ya ampi-saa 60 ingekwisha kabisa kwa saa 120, yaani siku tano, na itashindwa kuzungusha stata kabla ya hapo. Sasa toa fyuzi moja moja. Fyuzi itakayoishusha mita ndiyo inayokuonyesha nyumba ya mwizi: redio, taa ya ndani, au waya aliofunga mtu mwingine kwa haraka. Ikiwa hakuna fyuzi inayoishusha, shuku daiodi za altaneta.

Hapa tuseme neno juu ya fyuzi. Fyuzi ikikatika imekuokoa. Usiweke msumari, wala karatasi ya sigara, wala fyuzi kubwa kuliko ile iliyoandikwa. Waya ukishika moto, utalipoteza gari lote kwa kuokoa shilingi chache.

MAGARI YENYE KOMPYUTA

Magari ya siku hizi yana soketi ya matundu 16 karibu na usukani, na fundi huchomeka chombo cha kusoma makosa. Huko Marekani soketi hiyo imelazimishwa katika magari mapya tangu ya mwaka 1996. Chombo hicho ni kizuri, lakini hakitengenezi gari, wala hakisemi, "Badilisha kitu hiki." Kwa mfano, namba P0562 maana yake ni kwamba volti ya gari iko chini. Iko chini kwa sababu gani? Mkanda? Altaneta? Kutu katika waya wa bodi? Ni lazima urudi kwenye mita na majaribio manne tuliyoyaeleza. Asiyejua kupima volti hatasaidiwa na kompyuta.

JINSI YA KUMFUNDISHA KIJANA

Ufundi huu haufundishwi kwa maneno ubaoni tu. Mwalimu au fundi mkubwa afanye hivi. Achukue gari lililo zima. Vijana wakiwa nje, atie ugonjwa mmoja asiowaambia: atoe fyuzi, atie kipande cha karatasi chini ya kibanio cha waya wa bodi, au alegeze mkanda. Kisha awaite wawili wawili wautafute. Asikubali jibu la "nadhani". Kila kijana aandike katika daftari mambo sita haya:

1. Mwenye gari amelalamika nini?
2. Mimi mwenyewe nimeona nini?
3. Nimepima wapi, na nimesoma nini?
4. Ugonjwa ni upi, na kipimo gani kinaonyesha hivyo?
5. Nimefanya nini?
6. Nimepima tena, na nimesoma nini?

La sita ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kazi isiyopimwa mwisho haijakwisha.

Kijana wa kike au wa kiume anayependa kazi hii asiishie kushika tochi chini ya mti miaka mingi akimtazama fundi. Viko vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo zamani viliitwa polytechnic za vijiji. Iko pia Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, yenye kituo chake huko Kisumu. Fundi aliyejifunzia kazini aweza kufanya mtihani wa ufundi wa Serikali, akianza na daraja la 3, kisha la 2, hata la 1. Mtihani huo unatazama kazi ya mikono pia, na cheti chake humwezesha kuomba kazi penye magari mengi.

Nawe mkulima, saidia hivi. Fundi akikuambia, "Nunua betri," mwulize kwa upole, "Umepima wapi, na umesoma ngapi?" Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha. Asiyeweza kujibu, usimpe fedha za kununua kitu bado. Kuuliza si ujinga.

MATUNZO YA KILA MWEZI

Fanya mambo haya kabla ya mvua, si baada. Osha vichwa vya betri kwa maji ya moto na brashi ya waya, kaza vibanio, upake vaselini. Hakikisha betri imefungwa imara, kwa kuwa barabara ya kifusi yenye mashimo huzitikisa bamba za ndani mpaka zivunjike. Tazama mkanda wa feni. Tazama waya wa bodi pande zote mbili, kwenye betri na kwenye injini. Trekta linalolala miezi mingi bila kazi, fungua waya wa hasi, na betri ichajiwe kila mwezi, kwa sababu betri inayoachwa tupu huharibika yenyewe.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Taa zang'aa vizuri, lakini stata haizunguki. Je, hiyo ni hakika kwamba waya zote ni nzima?
2. Betri yasoma 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 12.5 injini ikinguruma. Ugonjwa uko upande gani?
3. Njia ya kwenda yasoma 1.8 wakati wa kuzungusha stata, njia ya kurudi 0.1. Utaanza kutazama wapi?
4. Gari limeegeshwa, mita yasoma ampi 0.04. Kuna mwizi?

Majibu. (1) La. Stata yahitaji ampi nyingi sana kuliko taa, na kiungo kibovu hupitisha kidogo na kuzuia kingi. (2) Upande wa chaji: anza na mkanda na balbu ya chaji. (3) Waya wa chanya, vibanio vyake, na solenoidi iliyo njiani. (4) Hakuna. Kiasi hicho ni cha kawaida.

Kata ukurasa huu uuweke pamoja na spana zako. Halafu, kabla mawingu hayajakusanyika juu ya milima ya Gwassi, mwite kijana mwenye mita, mpime pamoja, muandike. Ugonjwa mkiuona mwezi wa Januari, mtautengeneza mkiwa na nafasi. Ukingoja mpaka mvua ya kwanza, majirani wote watakuwa wamesimama kando ya trekta lako wakikutazama.